Rimoti ya gari inakubali ikipenda: kabla hujanunua kontrol boksi

Msomaji wa Tanga anauliza: "Nina Toyota Vanguard ya mwaka 2009, ilikuja kutoka Japani na ufunguo mmoja tu. Mwezi huu rimoti imeanza kunisumbua. Mwanzo ilikuwa haifungui milango mpaka nisogee karibu kabisa, baadaye ikawa inakubali ikipenda. Nikanunua betri mpya dukani, ikafanya kazi siku moja, ikagoma tena. Sasa mlango nafungua kwa kile kiufunguo cha chuma cha ndani, na gari nawasha kwa kugusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia. Hapo inawaka bila shida. Fundi wa kwanza ameniambia kontrol boksi imekufa. Wa pili anasema niagize ufunguo mwingine Dubai. Nimsikilize nani?"

Dada, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Nusu ya jibu umeshaliandika mwenyewe: gari inawaka ukigusisha ufunguo kwenye kitufe. Sentensi hiyo moja ingetosha kumzuia fundi wa kwanza asitamke habari za kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, kama angekuuliza.

Ndani ya kipande hicho cha plastiki unachokiita rimoti mna kazi tatu, na kila moja hufa kivyake. Ya kwanza ni vitufe vya kufunga na kufungua milango kwa mbali. Ukibonyeza, ufunguo unarusha mawimbi ya redio na gari inayapokea. Ya pili ni ile ya kukaribia ukiwa na ufunguo mfukoni, ukashika kitasa na mlango ukafunguka, au ukaketi na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Hapa gari ndiyo inayoanza kuita kwa mawimbi ya chini yenye kilohezi zaidi ya mia moja, yanayofika kama sentimita 70 tu kutoka kwenye kitasa, kisha ufunguo unajibu kwa redio. Kazi hizi mbili zote zinakula betri ya ufunguo. Ya tatu ni chipu ya imobilaiza, inayoithibitishia gari kwamba huu ni ufunguo wake na si wa jirani. Hiyo haihitaji betri hata kidogo. Ukiusogeza ufunguo hadi ukagusa kitufe, koili iliyo nyuma ya kitufe inaipa chipu umeme wa kutosha kujitambulisha.

Kwako kazi ya tatu ni nzima. Maana yake chipu ni nzima, imobilaiza inaisoma, na kompyuta ya injini inakubali kuwasha. Kilichobaki ni mnyororo mfupi tu: betri ya ufunguo, bodi ya ufunguo, hewa iliyopo kati ya ufunguo na gari, na risiva ya redio ndani ya gari, yaani kipokezi cha mawimbi hayo. Uanze na kilicho rahisi zaidi, yaani ufunguo wenyewe.

Kuna kipimo kisichokugharimu kitu. Ingia kivulini, bonyeza kitufe cha kufunga na uangalie kile kitaa chekundu kidogo kwenye ufunguo. Kikiwaka vizuri kila unapobonyeza, bodi inapata umeme. Kikiwaka kwa unyonge, au kikakataa mpaka ubonyeze kwa nguvu, shida ni umeme au kitufe. Kikibaki kimewaka hata baada ya kuachia kidole, umeshampata anayekula betri zako: kitufe kimenasa. Raba ya juu ikichakaa, au vumbi na mafuta ya mikono yakijaa chini yake, swichi ndogo iliyo kwenye bodi inabaki imebanwa na ufunguo unarusha mawimbi mchana na usiku. Betri ya aina hii imetengenezwa kwa mibonyezo mifupi mifupi. Ikilazimishwa kufanya kazi mfululizo haimalizi siku mbili.

Huenda wapo watakaokwambia uuelekeze ufunguo kwenye kamera ya simu uone kama unatoa mwanga. Kipimo hicho ni cha rimoti ya televisheni, inayotumia mwanga usioonekana kwa macho. Ziko gari chache za zamani za Ulaya zilizotumia mwanga huo, lakini Vanguard inatumia redio. Kamera haitaonyesha chochote hata ufunguo ukiwa mpya, na mtu asikuambie kwamba giza hilo ni ushahidi wa ubovu.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapa ndipo ninapodhani tatizo lako lilipo. Imekubali siku moja, kisha ikagoma. Duka lililokuuzia lilikupa namba ipi? Namba za betri hizi zina maana. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina kipenyo kilekile, lakini unene wake ni 2.5. CR2016 ni 1.6. Ukienda kwenye familia ya pili, CR1632 ina kipenyo cha 16 na unene wa 3.2, na CR1620 ni 16 kwa 2.0. Zote ni za volti 3. Muuzaji asiyekuwa na unayoitaka atakupa "inayofanana", na kweli itaingia, itafunikika, na rimoti itafanya kazi palepale mbele yake. Ukifika nyumbani, ufunguo umetikisika mara kadhaa ndani ya pochi, betri nyembamba imecheza kwenye nafasi yake na imeacha kugusa ulimi wa chuma. Hapo ndipo rimoti inapokuwa "inakubali ikipenda".

Kwa hiyo fungua ufunguo. Toa kile kiufunguo cha chuma, na kwenye nafasi yake utaona ufa mdogo. Ingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, zungusha taratibu, kasha litaachana. Kabla ya kutoa betri piga picha kwa simu, uone upande wa jumlisha ulikuwa unatazama wapi. Kisha soma namba iliyoandikwa kwenye plastiki au kwenye bodi pale betri inapokaa. Namba hiyo ndiyo ya kununua, si ile iliyo kwenye betri uliyoikuta, kwa sababu hatujui aliyeiweka alikuwa nani. Usiwe na wasiwasi kwamba kutoa betri kunafuta ufunguo kwenye kumbukumbu ya gari. Hakufuti. Na kutoa terminali ya betri kubwa ya gari nako hakufuti funguo za Toyota, ingawa mtaani inasemwa sana.

Betri feki ni janga jingine. Wengi wana multimita, kile kipima umeme, lakini wanapima vibaya: wanaigusisha kwenye betri iliyolala mezani, inasoma volti 3, wanasema nzima. Betri dhaifu inaweza kusoma 3 ikiwa haina kazi, kisha ikaporomoka mara inapotakiwa kurusha mawimbi. Pima ikiwa ndani ya ufunguo huku mtu mwingine akibonyeza kitufe. Betri nzuri mpya inaanza na 3 na ushee na inashuka kidogo sana. Ikianguka chini ya 2.7 wakati wa kubonyeza, hiyo tupa. Betri ya aina hii kwenye ufunguo wa Toyota inatarajiwa kudumu kati ya mwaka mmoja na miwili, kwa hiyo usichague ya bei ya chini kabisa inayouzwa kwa karatasi ya kumi kumi. Chukua ya kampuni unayoijua, iliyo kwenye pakiti yake, yenye tarehe ya mwisho. Ishike kwa kingo, maana jasho la vidole kwenye sura zake mbili linazuia mguso mzuri.

Kuna jambo moja sitaki liruke. Betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto mdogo akimeza betri ya duara inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, bila dalili kubwa mwanzoni. Ukishuku amemeza, ni hospitali moja kwa moja, wala si kusubiri ipite. Izungushie selotepu pande zote mbili kabla ya kuitupa.

Ukiwa umefungua, tazama bodi. Unaishi Tanga, na ufunguo unaokaa pwani una adui ambaye wa Iringa hamjui sana. Hewa ya chumvi, jasho, chupa ya maji iliyovuja ndani ya pochi: vyote vinaacha ukungu wa kijani au mweupe kwenye ndimi za betri na kwenye miguu ya vipande vidogo vya bodi. Ukungu huo una madhara mawili. Unazuia umeme kupita panapotakiwa, na unaupitisha pasipotakiwa, ndipo betri inapoisha ukiwa umelala. Ndimi zisugue kwa kifutio cha penseli mpaka zing'ae, kisha ziinue kidogo sana kwa ncha ya sindano ili zibane betri. Bodi isafishe kwa spiriti safi ya dukani na mswaki laini, iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Ufunguo ulioanguka kwenye ndoo au baharini utibiwe hivyohivyo, na jambo la kwanza kabisa ni kutoa betri, dakika hiyohiyo. Kinachokula bodi ni maji yakishirikiana na umeme. Habari ya kuufukia kwenye mchele achana nayo, mchele hauondoi chumvi.

Baada ya usafi, fanya jaribio la usiku mmoja. Weka betri mpya ya namba sahihi, ipime, iandike. Funga ufunguo uuweke mbali na gari, usiuguse mpaka asubuhi, kisha upime tena. Kama volti zimebaki palepale, bodi haivuji, na tatizo lako lilikuwa betri au mguso. Kama zimeshuka waziwazi kwa usiku mmoja, bodi inavujisha au kitufe kimenasa. Hapo mpe fundi wa simu mwenye mkono mwepesi, si lazima awe wa magari, akulehemie swichi mpya. Kipande chenyewe hakina bei na kinapatikana popote wanapotengeneza simu. Mwonye tu asiguse zaidi ya hapo. Kwenye bodi kuna kipande kinachoamua masafa ya mawimbi (megahezi zake, si umbali), na joto au kishindo vinakiua. Ndiyo maana ufunguo ulioanguka kwenye sakafu ya vigae unaweza kuwasha taa yake vizuri na bado gari isiusikie.

Nimekuambia "mbali na gari" kwa nini? Ufunguo wa aina hii ukitundikwa ukutani nyuma ya mlango, na gari ipo mita moja upande wa pili wa ukuta, wanaitana usiku kucha, na betri zote mbili, ya ufunguo na ya gari, zinalipia. Toyota yenyewe inaonya pia dhidi ya kuuweka karibu na televisheni, kompyuta, chaja, simu, taa ya mezani au jiko la umeme la induksheni, maana mawimbi ya vifaa hivyo yanauamsha. Hilo haliui betri kwa siku moja kama ilivyokutokea, ila linafanya ya mwaka mmoja iishe kwa miezi michache. Baadhi ya Toyota za karibuni zina hali ya kulaza ufunguo: unashika kitufe cha kufunga, unabonyeza cha kufungua mara mbili, taa inapepesa mara nne. Jaribu kwako. Ikikataa hakuna kilichoharibika.

Tuseme sasa ufunguo una betri nzuri, bodi safi, taa inang'aa, na gari bado haisikii. Usirudi kwa yule wa kontrol boksi. Nenda kwa wachonga funguo wa gari wenye kifaa cha kupima masafa. Ni kifaa cha kiganjani. Unaweka ufunguo juu yake, unabonyeza, kinaonyesha namba. Kwa gari ya Japani utegemee kuona megahezi 312 hadi 315. Ikitokea namba hiyo kwa nguvu, ufunguo ni mzima na tatizo limehamia kwenye gari. Isipotokea kitu, gari haina kosa. Ni kipimo cha nusu dakika na kinamaliza ubishi wote, nashangaa fundi anayeagiza kontrol boksi bila kukipitia.

Tatizo likiwa upande wa gari, anza na vitu vilivyoongezwa. Uliweka nini karibu na wakati rimoti ilipoanza kusumbua? Chaja ya simu ya kuchomeka kwenye kiberiti, kamera ya kioo cha mbele, taa za LED za bei rahisi, kifaa cha kufuatilia gari: kimojawapo kikiwa cha ovyo kinapiga kelele ya redio palepale risiva inapojaribu kusikiliza. Dalili zako za mwanzo, za kukubali ukiwa karibu tu, zinaweza kuletwa na hilo pia. Chomoa kimoja kimoja ujaribu. Halafu angalia taa ya ndani na saa ya gari. Kwenye Toyota nyingi fyuzi iliyoandikwa DOME inalisha taa ya ndani pamoja na risiva ya rimoti, kwa hiyo taa ya ndani isiyowaka na rimoti isiyofanya kazi mara nyingi ni mapacha. Hakikisha milango yote mitano imefungwa sawasawa, maana rimoti haifungi gari ambayo mlango mmoja uko wazi, na taa ya onyo ya mlango haidanganyi. Kama kitufe cha kufungia kilicho ndani ya mlango wa dereva nacho hakifanyi kazi, basi hata si suala la rimoti, ni mota au waya wa mlangoni. Na betri kubwa ya gari ikichoka, milango huwa ya kwanza kulalamika.

Angalia pia ni wapi inagoma. Ikifanya kazi nyumbani na kugoma kazini, chini ya mnara wa redio au karibu na uwanja wa ndege, ufunguo hauna ugonjwa. Ikigoma ghafla kwenye maegesho yenye watu wengi, usiondoke kabla ya kuvuta kitasa kwa mkono. Wezi wanatumia vifaa vya kuziba mawimbi wakati unapobonyeza kufunga, unaondoka ukijua umefunga, wao wanaingia bila kuvunja kioo.

Kwa wasomaji wenye gari zisizo za kitufe, IST, Vitz na ndugu zao, picha ni hiyohiyo ila kuna mtego mmoja unaowaumiza watu kila siku. Kasha la ufunguo likivunjika, mtu wa mezani analibadilisha na la mchina, anahamisha bodi na betri, na anatupa kasha la zamani. Rimoti inafungua milango vizuri, lakini gari inazunguka haiwaki, na taa ya usalama kwenye dashibodi imeganda. Chipu ilikuwa imejificha ndani ya plastiki iliyotupwa, kipande cheusi kidogo kama punje. Kasha la zamani usiliache kwake mpaka gari imewaka. Na wale wenye alamu iliyofungwa hapa nyumbani, yenye rimoti yake tofauti, mjue nyingi zinatumia betri ndogo ya volti 12 inayoandikwa 23A au 27A. Tatizo la alamu hiyo halihusiani kabisa na ufunguo wa Toyota, na anayeujua mfumo wake ni aliyeifunga.

Sasa Dubai. Toyota Vanguard iliuzwa Japani tu, kuanzia 2007 hadi 2013. Huko Ghuba wanaendesha RAV4, na funguo nyingi za Toyota za soko hilo zinatumia megahezi 433, kama za Ulaya. Ufunguo huo unaweza kufanana na wako kwa sura, vitufe na hata nembo, lakini risiva ya gari yako haitausikia milele, kwa sababu inasikiliza kwingine. Ukinunua ufunguo, masafa yafanane na ya ule wa zamani, na namba iliyoandikwa kwenye bodi ifanane pia, si umbo la nje. Jihadhari na uliotumika. Ufunguo wa aina hii wa Toyota ukishasajiliwa kwenye gari moja unajifunga humo, na ya pili haiupokei mpaka mtu mwenye kifaa aufungue kwanza. Muuzaji wa spea za gari zilizokatwa hatakwambia hilo.

Hata ukigundua kuwa tatizo lako ni betri tu, tengeneza ufunguo wa pili, na uufanye sasa ukiwa na huu unaotambulika. Kusajili ufunguo wa nyongeza wakati mmoja upo ni kazi ya kuchomeka kifaa chini ya dashibodi na kufuata hatua. Ukipoteza huu mmoja, fundi analazimika kufungua kompyuta za gari na kusoma kumbukumbu zake, na bei inaruka mara kadhaa, ukiongeza na gharama ya kulivuta gari kutoka lilipolala. Wakati wa kusajili simama hapohapo. Mwombe kwanza akuonyeshe kwenye kioo cha kifaa ni funguo ngapi zinazotambuliwa na gari kwa sasa. Akimaliza aangalie tena. Ulikuwa na mmoja, ziwe mbili. Zikisomeka tatu, mwache akufafanulie ya tatu iko mfukoni mwa nani, na kama huridhiki, mwambie afute zote na asajili zile mbili ulizonazo mkononi.